Maswali ya Wasomaji: Umeme Unajua Nini Kuhusu Mtiririko Ndani ya Mwamba?

Barua nne tulizochagua safari hii zinazunguka jambo moja, yaani matumizi ya vipimo vya umeme kukadiria jinsi maji, mafuta na gesi vinavyopita ndani ya miamba inayovihifadhi. Tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Ndugu Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa jiolojia. Darasani tumefundishwa kwamba ukinzani wa umeme wa mwamba huonyesha kama ndani yake mna maji au mafuta. Mwenzangu anasisitiza kwamba kipimo hichohicho kinatosha kutupa upenyevu wa mwamba, yaani urahisi wake wa kupitisha vimiminika, kwa kuwa umeme na maji hupita njia moja. Je, ni kweli?

Ndugu mwanafunzi, mwenzako ameshika nusu ya jambo, na nusu aliyoishika ni ya kweli kabisa. Ningependa uielewe vizuri kabla hatujafika kwenye ile inayokosekana.

Chembe za kwazi na za chokaa zinazojenga miamba hii hazipitishi umeme kwa kiwango cha kuhesabika, na mafuta na gesi vilevile havipitishi. Kinachobeba mkondo ni maji ya chumvi yaliyomo kwenye vitundu vya mwamba, ambamo ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, husogea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo mkondo wa umeme unalazimika kufuata vijia vilevile ambavyo maji yenyewe yangevifuata, kuzunguka chembe zilezile na kubanwa kwenye shingo zilezile nyembamba. Hapo ndipo matumaini ya mwenzako yalipochipukia, na si yeye wa kwanza kuwa nayo. Logi ya kwanza ya umeme, yaani rekodi ya vipimo kadiri kifaa kinavyopita kisimani, ilipimwa tarehe 5 Septemba 1927 huko Pechelbronn, nchini Ufaransa, na Henri Doll, aliyefanya kazi hiyo kwa niaba ya ndugu wawili, Conrad na Marcel Schlumberger. Miaka 15 baadaye, mwaka 1942, Gus Archie wa kampuni ya Shell alichapisha makala iliyotupa lugha tunayoitumia hadi leo.

Archie alichukua mwamba uliojaa maji ya chumvi pekee, akapima ukinzani wake mahsusi (ukinzani usiotegemea ukubwa wa sampuli), kisha akaugawa kwa ukinzani mahsusi wa maji yenyewe. Jawabu lake tuliite kigezo cha mwamba, kwa alama F. Aligundua kwamba F hufuata porositi, yaani sehemu ya ujazo wa mwamba iliyo tupu, kwa kanuni nyepesi: F ni sawa na 1 kugawanywa kwa porositi iliyopandishwa kwenye kipeo m. Kwa mchanga usioshikamana, m iko karibu na 1.3, na kwa mawe ya mchanga yaliyoshikamana vizuri iko kati ya 1.8 na 2. Ukiwa na mwamba wenye porositi ya asilimia 20 na m ya 2, basi F ni 25, maana yake mwamba huo unazuia umeme mara 25 kuliko maji yaliyomo ndani yake yangefanya yakiwa peke yake. Archie alichora pia F dhidi ya upenyevu, na pointi zake zilitawanyika kuliko zilivyotawanyika dhidi ya porositi. Mtawanyiko huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lako.

Fikiria mwamba kama tita la mabomba membamba yanayolingana. Uwezo wa bomba moja kupitisha umeme hutegemea eneo la mkato wake, yaani nusu kipenyo kwa kipeo cha pili. Uwezo wa bomba hilohilo kupitisha maji hutegemea nusu kipenyo kwa kipeo cha nne. Ukilipanua bomba mara 2, umeme unaopita huongezeka mara 4 lakini maji huongezeka mara 16. Sababu ni msuguano: maji yanayogusa ukuta wa bomba hayasogei, yale ya jirani yake husogea polepole, na ya katikati ndiyo yanayokimbia, kwa hiyo bomba jembamba huwa karibu lote liko chini ya utawala wa ukuta. Ioni hazijali jambo hilo. Ioni iliyo karibu na ukuta husogea kwa mwendo uleule wa ioni iliyo katikati.

Ukifuatilia hesabu ya mabomba hadi mwisho, unapata kwamba upenyevu ni nusu kipenyo kwa kipeo cha pili, kugawanywa kwa 8 mara F. Sasa chukua miamba miwili, yote ikiwa na F ya 25, lakini wa kwanza una vijia vyenye nusu kipenyo cha mikromita 1 na wa pili una vijia vya mikromita 10. Upenyevu wa kwanza ni takriban milidarsi 5, na wa pili ni takriban milidarsi 500. (Darsi ni kizio kilichopewa jina la Henry Darcy, ambaye mwaka 1856 alichapisha majaribio yake ya maji na mchanga yaliyofanyika mjini Dijon, darsi 1 ni takriban sehemu moja ya trilioni ya mita ya mraba.) Mmoja utatoa mafuta kwa shida na mwingine utayatoa kwa wingi, lakini mita ya ukinzani itasoma namba ileile kwa yote miwili.

Kwa hiyo F inaeleza ni sehemu gani ya mwamba iko wazi, na njia zake zimepinda na kubanwa kiasi gani. Haielezi upana wa njia hizo, kwa kuwa F ni namba tupu isiyo na kizio, ilhali upenyevu una kizio cha mita za mraba. Huwezi kutoa mita za mraba kutoka kwenye namba isiyobeba urefu wowote. Mwambie mwenzako hivyo, na umwambie pia kwamba akikutana na chati inayotoa upenyevu moja kwa moja kutoka F, basi chati hiyo imetengenezwa kwa miamba ya tabaka fulani ambamo ukubwa wa vitundu unaendana na porositi. Ndani ya tabaka hilo inaweza kufanya kazi vizuri sana. Ukiihamishia tabaka jingine, itakupotosha bila kukuonya.

Mwalimu, nakubali kwamba kunahitajika urefu fulani wa kuandamana na F. Huo urefu unapatikana wapi, na unaaminika kiasi gani? Mimi ni mhandisi kijana ninayeanza kazi ya kutathmini visima.

Ndugu mhandisi, njia iliyothibitika zaidi ni ya zebaki. Zebaki hailoweshi mwamba, hivyo haiingii kwenye kitundu mpaka isukumwe, na kadiri shingo ya kitundu inavyokuwa nyembamba ndivyo shinikizo linalohitajika linavyokuwa kubwa. Unapolipandisha shinikizo hatua kwa hatua, hufika mahali ambapo zebaki kwa mara ya kwanza inaunganisha njia kutoka upande mmoja wa sampuli hadi mwingine. Kipenyo cha shingo kinacholingana na shinikizo hilo ndicho urefu unaoutafuta. Katika miaka ya 1986 na 1987, Katz na Thompson walionyesha kwamba upenyevu ni kipenyo hicho kwa kipeo cha pili, kugawanywa kwa 226 mara F.

Namba 226 huwashangaza wengi, nami nadhani inafaa kuielewa kuliko kuikariri. Kama mwamba ungekuwa mabomba yanayolingana, kigawanyo kingekuwa 32. Tofauti hiyo ya mara 7 hivi inatokana na ukweli kwamba vitundu vya mwamba halisi vina upana wa kila namna. Umeme hupita hata kwenye vijia vyembamba ambavyo karibu havipitishi maji, kwa hiyo F inahesabu njia ambazo mtiririko haunufaiki nazo, na kigawanyo kikubwa kinarekebisha hesabu hiyo. Kwa mwamba wenye F ya 25 na kipenyo cha mikromita 10, kanuni hii inatoa takriban milidarsi 18, wakati mabomba yanayolingana yangetoa karibu milidarsi 127. Ukweli unaovutia ni kwamba 226 haikupatikana kwa kulazimisha mstari upite kwenye pointi za maabara, bali ilitokana na nadharia ya jinsi vitu hupenya kwenye mtandao usio na mpangilio, kisha vipimo vikaiunga mkono.

Mwaka 1986 pia Johnson, Koplik na Schwartz walipendekeza urefu mwingine, unaopima uwiano wa ujazo wa vitundu na eneo la kuta zake, lakini ukiyapa uzito mkubwa zaidi maeneo yenye mkondo mkali wa umeme. Kwao upenyevu ni urefu huo kwa kipeo cha pili, kugawanywa kwa 8 mara F. Utaona umbo ni lilelile: urefu mara urefu, chini yake F.

Kuhusu kuaminika, nakushauri uyatazame makadirio haya kwa jicho la vipeo. Kosa la asilimia 10 kwenye F ni kosa la asilimia 10 hivi kwenye upenyevu, lakini kosa la asilimia 10 kwenye urefu ni la asilimia 20 hivi. Kwa mawe ya mchanga yaliyo safi, kupata jibu lililo ndani ya mara mbili ya ukweli ni kazi nzuri. Kwa mawe ya chokaa punguza matarajio yako, maana humo mna mashimo makubwa yaliyojitenga ambayo yanaongeza porositi bila kuongeza njia, na mna nyufa ambazo zinabeba mtiririko karibu wote ilhali mchango wao kwa umeme ni mdogo. Ufa mmoja unaweza kuharibu hesabu yote.

Ndugu Mwalimu, nafanya kazi kwenye maabara ya viini vya miamba, yaani vipande vya mwamba vinavyotolewa kisimani. Kupima upenyevu linganishi wa maji na mafuta kwa sampuli moja kunatuchukua wiki kadhaa. Nimesikia kwamba mkunjo mzima, yaani mchoro wa upenyevu huo kwa kila kiasi cha maji, unaweza kupatikana kwa kupima ukinzani wa umeme tu wakati maji yanapungua kwenye sampuli. Je, niiamini njia hii?

Ndugu yangu wa maabara, swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa hapa umeme una msaada mkubwa zaidi kuliko ulio nao kwa upenyevu kamili.

Upenyevu linganishi ni uwiano, yaani upenyevu wa kimiminika kimoja kikiwa pamoja na kingine, ukilinganishwa na upenyevu wa mwamba wenyewe. Hauna kizio. Ile shida ya urefu tuliyoiona juu inapungua sana, kwa sababu tunalinganisha mwamba na hali yake yenyewe. Upande wa umeme nao una uwiano wake: ukinzani wa mwamba wenye mafuta kiasi, ukigawanywa kwa ukinzani wake ulipojaa maji. Tuuite kielezo cha ukinzani. Archie alionyesha kwamba kielezo hicho ni 1 kugawanywa kwa mjao wa maji, yaani sehemu ya vitundu iliyojaa maji, uliopandishwa kwenye kipeo n kinachokaribia 2. Mwamba uliosoma omu mita 2.5 ulipojaa maji na sasa unasoma omu mita 40, kielezo chake ni 16 na mjao wake wa maji ni asilimia 25.

Mwaka 2008 Kewen Li alipendekeza njia ya kuunganisha pande hizi mbili. Upenyevu linganishi wa maji, kwa njia yake, ni mjao wa maji uliorekebishwa ukigawanywa kwa kielezo cha ukinzani. Mjao uliorekebishwa unapatikana kwa kuondoa kwanza maji yasiyoweza kutoka, ili thamani yake iwe 0 pale maji yanayotembea yanapokwisha na 1 pale mwamba unapojaa.

Tafadhali usipite haraka kwenye marekebisho hayo, kwani ndiyo moyo wa jambo. Maji yaliyonata kwenye kuta za chembe na kwenye pembe za vitundu hayatiririki tena, lakini ioni zilizomo ndani yake bado zinasafiri. Mwamba unaweza kufika mahali ambapo mtiririko wa maji ni sifuri kabisa huku mita yako ikiendelea kuonyesha mkondo. Ukiuchukua upitishaji wa umeme kuwa ndio upitishaji wa maji, utatangaza kwamba maji yanatembea mahali ambapo yamekwama.

Kwa mfano, sampuli ina maji yasiyotoka ya asilimia 20, mjao wa sasa ni asilimia 60, na n ni 2. Mjao uliorekebishwa ni 0.5, kielezo cha ukinzani ni takriban 2.78, kwa hiyo upenyevu linganishi wa maji ni takriban 0.18. Kwa upande wa mafuta, ukitumia umbo la mkunjo lililotokana na kazi ya Brooks na Corey ya mwaka 1964, unachukua 1 ukitoa mjao uliorekebishwa, unaupandisha kwenye kipeo cha pili, kisha unazidisha kwa 1 ukitoa ule upenyevu linganishi wa maji uliogawanywa kwa mjao uliorekebishwa uliopandishwa kwenye kipeo cha pili. Hapa ni 0.25 mara 0.28, sawa na 0.07. Ukifanya hivyo kwa kila pointi ya ukinzani uliyoipima, unapata mikunjo yote miwili.

Je, uiamini? Iamini kama makadirio ya hali ambayo mafuta au gesi inayasukuma maji kutoka kwenye mwamba unaopenda maji, yaani ambao maji ndiyo yanayoshika kuta zake. Nje ya hapo nenda kwa tahadhari. Mwamba ambao kuta zake zimepakwa mafuta kwa muda mrefu huyaacha maji yakikatika vipandevipande katikati ya vitundu, njia za umeme zinakatika pia, na n inaweza kupanda juu sana ya 2, hata kupita 4. Halafu kuna historia ya sampuli: mjao uleule uliofikiwa kwa kupunguza maji na uliofikiwa kwa kuyarudisha hautoi lazima ukinzani uleule, kwa kuwa maji hayakukaa mahali palepale. Ningekuwa wewe, ningechagua sampuli chache zinazowakilisha tabaka, nikazipima kwa njia ndefu mnayoitumia sasa, kisha nikatumia umeme kwa zile nyingine baada ya kuona kwamba mikunjo inakubaliana. Wiki mtakazookoa zitakuwa nyingi hata hivyo.

Mwalimu, vipimo vyetu vya ukinzani vinayumba. Asubuhi sampuli inasoma hivi, mchana inasoma vile, na tabaka letu lina udongo wa mfinyanzi. Tufanyeje?

Ndugu msomaji, mna matatizo mawili yaliyochanganyika, na lazima myatenganishe.

La udongo ni la asili. Nyuso za madini ya udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, zikivuta ioni chanya ambazo husogea kandokando ya uso na kubeba mkondo wa ziada usiohusiana na chumvi ya maji kwenye vitundu. Mwamba unaonekana kupitisha umeme kuliko ulivyopaswa, F inasomeka ndogo kuliko ya kweli, na upenyevu mtakaoukadiria utakuwa mkubwa mno. Kosa hili ni baya maradufu, kwa maana udongo huohuo unaziba vitundu na kupunguza upenyevu halisi. Waxman na Smits walilishughulikia mwaka 1968 kwa kuongeza kwenye hesabu mchango wa ioni za udongo. Njia ya kuugundua ni kupima sampuli ileile kwa maji ya chumvi ya viwango kadhaa. Katika mwamba safi F haibadiliki, lakini ikiwa inapungua kila mnapotumia maji yenye chumvi kidogo zaidi, basi ni udongo unaosema. Msishuke hadi maji matamu kabisa, kwani baadhi ya udongo huvimba na wengine hubanduka, na sampuli yenu haitakuwa tena ile mliyoanza nayo.

La kuyumba asubuhi na mchana nadhani ni la maabara. Anzeni na joto. Ukinzani wa maji ya chumvi hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, na kanuni ya Arps inaruhusu kuhamisha kipimo kutoka joto moja hadi jingine: zidisha ukinzani kwa joto la kwanza likiongezwa 21.5, kisha gawanya kwa joto la pili likiongezwa 21.5. Kutoka nyuzi 20 hadi 25 ukinzani unashuka kwa karibu asilimia 11, na chumba kisichodhibitiwa joto kinaweza kupanda hivyo kabla ya saa sita mchana. Mkiwa hamjaandika joto la sampuli na la maji pembeni ya kila kipimo, hamna namna ya kurekebisha baadaye.

Kisha tazameni elektrodi, yaani vipande vya kupitisha umeme vinavyogusa sampuli. Mkitumia elektrodi 2, mkondo na volteji vinapimwa kwenye sehemu zilezile za mguso, na ukinzani wa mguso unaingia kwenye jibu lenu kama vile ni wa mwamba. Tumieni elektrodi 4, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kupima volteji kwenye mwili wa sampuli. Tumieni mkondo unaogeuka mwelekeo, si ule wa betri, kwa sababu mkondo wa upande mmoja hurundika ioni kwenye elektrodi. Masafa ya karibu hezi 1,000 ndiyo yaliyozoeleka. Sampuli ifungwe vizuri ili maji yasivukize kutoka usoni mwake, maana ngozi iliyokauka kwenye ncha moja huweza kuongeza ukinzani kuliko badiliko lolote la kweli lililo ndani.

La mwisho ni subira baada ya kila hatua ya kubadilisha mjao. Maji yanapokuwa yametoka upande mmoja wa sampuli kuliko mwingine, wastani wa mjao unaweza kuwa sahihi kwenye mizani huku kielezo cha ukinzani kikiwa kimepotoka. Pimeni tena na tena bila kugusa kitu, na msiandike namba mpaka vipimo vinavyofuatana, vyote vikiwa vimerekebishwa kwa joto, viache kuelekea upande wowote. Kwa miamba yenye upenyevu mdogo jambo hilo linaweza kuchukua siku, na ni afadhali kuwa na pointi 5 zilizotulia kuliko 20 zilizochukuliwa sampuli ikiwa bado inajipanga.